Mgeni, kodi na huduma: nani hulipa nini, nani hupata nini Kibera na Kawangware

Swali hili husikika kwenye foleni ya zahanati, katika steji ya Kawangware 46 na kwenye vibanda vya soko la Toi: mbona mtu asiye na makaratasi anatumia hospitali, shule na soko vinavyoendeshwa kwa kodi ya Mkenya? Anayeuliza huwa na sababu zake. Mama mboga aliyelipia leseni hafurahii kuona mwingine akipanga njugu na mayai ya kuchemsha kando yake bila karatasi yoyote. Mzazi ambaye mtoto wake alikosa basari anataka kujua fedha zilienda wapi.

Shida ni kwamba swali hilo linafunga pamoja mambo matatu ambayo sheria imeyatenganisha: nani ni mgeni, nani hulipa kodi, na nani ana haki ya huduma ipi. Yakichanganywa, mjadala hugeuka kuwa kelele, na mara nyingi anayeumia ni mtu ambaye hata si mgeni.

Wageni si wa aina moja

Neno "mhamiaji haramu" hutumiwa mitaani kwa yeyote ambaye Kiswahili chake kina lafudhi ya mbali. Lafudhi si hati. Msamia au Mteso wa Busia ana jamaa pande zote mbili za mpaka, na Mkongomani aliyepanga chumba Kawangware anaweza kuwa na karatasi zilizokamilika kuliko za mwenye nyumba wake.

Wapo kwanza raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya sasa ina nchi nane: Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliyoingia 2022, na Somalia iliyoingia 2024. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na chini yake raia wa nchi hizi huingia na kupewa ruhusa ya kukaa kwa muda wa hadi miezi 6. Ruhusa hiyo ni ya kukaa, si ya kazi. Anayetaka kuajiriwa au kufungua biashara anahitaji kibali kingine. Hapa ndipo wengi hukwama. Kijana kutoka Burundi aliyegongewa muhuri mpakani na kuja kuuza njugu Kawangware alivuka mpaka kihalali. Alipoanza kuuza bila kibali alikiuka sheria, na miezi 6 ikipita bila kuongezewa muda, anakuwa amekiuka mara ya pili huku akilala katika chumba kilekile. Novemba 2017 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba raia wa Afrika Mashariki wangeweza kufanya kazi, biashara na hata kuoa nchini kwa kutumia kitambulisho cha kwao tu. Wengi bado wanalikumbuka tangazo hilo na kudhani ndiyo sheria. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 haikufutwa nalo, na vibali bado vinahitajika.

Wa pili ni wakimbizi na wanaoomba hifadhi. Kenya inahifadhi zaidi ya watu 800,000 wa aina hii, wengi wao wakiwa Dadaab na Kakuma, na sehemu ndogo wakiishi mijini, Nairobi ikiongoza. Mtu anayekimbilia nchini anatakiwa kujiwasilisha kwa maafisa wa wakimbizi ndani ya siku 30. Akitambuliwa hupewa kitambulisho cha mkimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa haki ya kufanya kazi, na kibali chake cha kazi, kile cha daraja la M, hutolewa bila malipo. Mkimbizi huyu si mhamiaji haramu, hata kama hana pasipoti.

Wanaobaki ni wale ambao kweli hawana chochote: walioingia kwa njia za panya, waliopitwa na muda, na waliotumia hati za kughushi. Kwa hao sheria ni kali. Kuwa nchini kinyume cha sheria ni kosa lenye faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Uhamiaji ni kazi ya Serikali ya Kitaifa, kama inavyosema Ratiba ya Nne ya Katiba. Askari wa kaunti hukagua leseni ya biashara, usafi na mahali pa kuuzia. Muhuri wa pasipoti ni wa maafisa wa uhamiaji na polisi.

Wako wangapi? Tahadhari inafaa hapa, hasa Kibera. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba mtaa huo una watu milioni 1. Sensa ya 2009 ilipohesabu, ilipata 170,070. Mtaa ulioweza kuzidishwa karibu mara sita katika mazungumzo unaweza pia kuzidishiwa wageni.

Kodi haiulizi kitambulisho

Kiswahili kinatumia neno moja, kodi, kwa pesa anayotoa mpangaji kwa mwenye nyumba na kwa pesa inayokwenda serikalini. Katika mitaa hii mambo hayo mawili hayako mbali. Mwenye nyumba ambaye pato lake la pango linazidi shilingi 288,000 kwa mwaka anatakiwa kulipa Mamlaka ya Ushuru, KRA, asilimia 7.5 ya pato hilo. Pango hilo linatoka kwa Mluhya, kwa Mkamba na kwa Mkongomani bila kutofautishwa. Kwamba si wenye nyumba wote wanaolipa ni tatizo jingine, nalo halikuletwa na mgeni.

VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 16. Imo ndani ya bei ya sabuni, ndala, betri na mafuta ya pikipiki. Muuza duka hamwulizi mteja alizaliwa wapi. Vivyo hivyo kwa ushuru ulio ndani ya muda wa maongezi na ada ya kutuma pesa kwa simu. Kwa hiyo madai kwamba mgeni "halipi kodi hata senti" si kweli: anayenunua chochote zaidi ya unga wa mahindi na mboga analipa kila siku.

Kodi anayokosa kulipa mtu asiye na hati ni ile ya mshahara. Mwajiri anayefuata sheria hawezi kumwandika, kwa hiyo hakuna kodi ya mapato inayokatwa, wala ada ya nyumba ya asilimia 1.5, wala mchango wa afya wa asilimia 2.75. Hasara hiyo ni ya kweli. Lakini ni ileile inayotokea Mkenya anapofanya kibarua cha mjengo na kulipwa mkononi jioni, na vibarua hivyo ndivyo riziki ya wengi Kibera. Kwa wafanyabiashara, kodi ya mauzo ya asilimia 3 humhusu mwenye mauzo ya kuanzia shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Anayeuza chini ya hapo hadaiwi, awe mwenyeji au mgeni. Muuza mayai wa Kawangware na mama mboga wa Makina wako upande mmoja wa mstari huo.

Kuna jambo ambalo hutajwa kwa nadra. Kaunti ya Nairobi hupokea mgao kutoka hazina ya kitaifa, karibu shilingi bilioni 20 katika mwaka wa fedha wa 2023/2024, na idadi ya watu ni mojawapo ya vigezo vya kuugawa. Idadi hiyo hutoka kwenye sensa. Makarani wa sensa usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 walihesabu kila aliyelala nchini, raia na asiye raia. Mgeni aliyehesabiwa katika chumba chake Gatina yumo ndani ya hesabu iliyoleta pesa hizo Nairobi.

Wakenya walio ng'ambo wanaujua mjadala huu kutoka upande wa pili. Nchini Marekani wapo wanaofanya kazi bila hati na kusikia maneno yaleyale. Taasisi moja ya utafiti wa kodi ya huko ilikadiria kwamba mwaka 2022 watu wasio na hati walilipa kodi za dola bilioni 96.7, nyingine zikichangia mifuko ya uzeeni ambayo wao wenyewe hawaruhusiwi kuitumia. Pesa zinazotumwa nyumbani kulipa karo Kawangware nyakati nyingine hutoka kwenye mifuko hiyo hiyo ya watu wasio na makaratasi.

Kila huduma na mlango wake

Huduma za umma hazifunguliwi kwa ufunguo mmoja. Baadhi hupewa mtu kwa kuwa ni mtu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura. Mwanamke anayefikishwa Hospitali ya Mbagathi akiwa na uchungu au akivuja damu anahudumiwa kwanza, maswali baadaye. Chanjo za watoto ziko hapo pia, na hapa hoja ni rahisi: surua haichagui mtoto wa nani. Mtoto mmoja asiyechanjwa katika ploti yenye vyumba ishirini na choo kimoja ni hatari kwa ploti nzima.

Elimu ya msingi nayo imewekwa hapo. Kifungu cha 53 kinampa "kila mtoto" elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Maneno hayo hayakusema kila mtoto wa raia. Cheti cha kuzaliwa hupewa mtoto yeyote aliyezaliwa Kenya, na wazazi wageni hawapaswi kuogopa kuandikisha. Wala wenyeji hawana sababu ya kuhofu, kwa kuwa cheti hicho si uthibitisho wa uraia na kimeandikwa hivyo. Mpango wa chakula wa Dishi na Kaunti, ulioanza 2023 na ambao mzazi huchangia shilingi 5 kwa mlo, humfuata mwanafunzi wa shule ya umma. Mlango wake ni shule, si kabila wala nchi. Ndiyo maana watoto wengi wa Kibera wanaosoma katika shule za kibinafsi za gharama nafuu wapo nje ya mpango huo ingawa ni Wakenya kwa vizazi, na lalamiko hilo lina uzito kuliko lile la mgeni aliyekula sahani moja ya wali.

Huduma nyingine hutegemea kujisajili na kuchangia. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoanza Oktoba 2024, ni ya wakazi wa Kenya, na sheria yake inawagusa pia wasio raia wanaoishi nchini kwa zaidi ya miezi 12. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa kaya yake na kuchangia kiasi kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, zikilipwa kwa mwaka mzima. Matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya, kama kile cha Riruta au cha Kibera Kusini, hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi, na mgonjwa anahitaji tu kuwa amesajiliwa. Mkimbizi husajiliwa kwa kitambulisho chake. Asiye na hati yoyote hawezi kusajiliwa, hivyo nje ya dharura anajilipia kila kitu. Foleni ndefu zahanatini haitokani na yeye kutibiwa bure.

Kisha kuna huduma ambazo ni za raia peke yake. Inua Jamii, ile shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi na makundi mengine, hutaka kitambulisho cha kitaifa. Mkopo wa Hazina ya Hustler, ulioanzishwa Novemba 2022, hutaka hicho hicho. Kura pia. Fomu za basari huomba nakala ya kitambulisho cha mzazi. Kwa hiyo anayedhani mgeni asiye na hati anachukua pesa za wazee anakosea mlango. Wasiwasi wenye msingi upo kwa anayepata kitambulisho cha Kenya kwa rushwa au kwa kughushi, na hilo ni kosa la jinai la aliyekitoa na aliyekipokea.

Waliozaliwa Kibera na kuitwa wageni

Hakuna mahali Nairobi panapoonyesha gharama ya kuchanganya mambo haya kama Kibera yenyewe. Jina la mtaa linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi walikuwa askari wenye asili ya Sudan katika jeshi la Waingereza, King's African Rifles, na mwanzoni mwa karne ya 20 walipewa makazi hapo, katika eneo la zaidi ya ekari 4,000. Waingereza hawakuwapa hati ya ardhi wala hadhi iliyoeleweka. Uhuru ulipokuja walikuwa wamekaa miongo mingi, lakini hawakuwa katika orodha ya makabila ambayo maafisa waliyazoea.

Matokeo yake yalionekana kijana alipotimiza miaka 18. Jirani yake Mkikuyu au Mjaluo alienda kwa chifu na kurudi na karatasi ya kusubiria kitambulisho. Kijana Mnubi wa Makina alitakiwa kupita mbele ya kamati ya uchunguzi, na kuonyesha hati za babu na bibi ambao pengine hawakuwahi kuwa nazo. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna akaunti, hakuna namba ya KRA ya kuombea kazi, hakuna mkopo wa chuo. VAT aliendelea kuilipa tangu siku alipotumwa dukani kununua kiberiti.

Suala hilo lilifikishwa mbele ya Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambayo Machi 2011 iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi: haki ya uraia, ya kutobaguliwa, na kwa sababu hiyo haki zao za afya na elimu. Tarehe 2 Juni 2017 jamii hiyo ilipewa hatimiliki ya ekari 288 za Kibera. Mwaka huo huo Wamakonde wa Kwale walianza kupata vitambulisho baada ya kuandamana hadi Nairobi mwaka uliotangulia. Washona, waliokuja miaka ya 1960 kama wahubiri kutoka kusini mwa Afrika na kuishi kandokando ya Nairobi, walitangaziwa uraia Desemba 2020. Wapemba wa Kilifi na Kwale walifuata 2023. Na Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kufutwa kwa uchunguzi wa ziada uliowahusu vijana wa jamii za mipakani na nyinginezo.

Watu hawa wote waliwahi kuitwa wageni wanaokula jasho la Wakenya. Jasho lilikuwa lao pia.

Leseni, na pesa zinazopotea njiani

Kaunti haitozi kodi ya mapato wala VAT. Kifungu cha 209 cha Katiba kimeziacha kwa Serikali ya Kitaifa. Kaunti hutegemea kodi ya ardhi, maegesho, leseni za biashara na ada za soko. Kwa hiyo hasara ambayo kaunti hupata kwa mfanyabiashara asiye na hati iko kwenye leseni. Kibali cha biashara huombwa kwa kitambulisho na namba ya KRA. Anayeuza chakula anahitaji pia cheti cha afya. Mgeni mwenye kitambulisho cha mkimbizi, au kitambulisho cha mgeni pamoja na kibali, anaweza kufuata njia hiyo na kulipa sawa na mwenyeji. Asiye nacho hawezi hata akitaka.

Haachi kuuza, hata hivyo. Anauza akiwa na jicho barabarani, na akishikwa hutafuta namna ya kuachiliwa. Pesa anazotoa hapo hazina risiti. Katika mwaka mmoja zinaweza kuzidi bei ya leseni, na soko la Kawangware halipati taa wala mfereji kutokana nazo. Jirani yake mwenye leseni ana haki ya kulalamika kuhusu ushindani usio sawa. Hilo ndilo walilolalamikia wafanyabiashara wa Gikomba mwaka 2019, wakati Wachina saba walikamatwa na kurudishwa kwao kwa kufanya biashara ya rejareja bila vibali. Lakini lalamiko hilo hufaa lipelekwe kwa jina lake: mtu anayeuza bila leseni. Wenyeji wanaouza bila leseni katika barabara hiyo hiyo ni wengi, na njia iliyozibwa na kibanda imezibwa bila kujali mwenye kibanda katoka Kisii au Bujumbura.

Mwenye swali la kibali cha kazi au muda wa kukaa huelekezwa Idara ya Uhamiaji. Anayeomba hifadhi huelekezwa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Kitambulisho cha kitaifa na cheti cha kuzaliwa huanzia kwa chifu au Huduma Centre. Leseni za biashara na za chakula huombwa kwa mfumo wa mtandao wa kaunti, na maafisa wa biashara katika ofisi za kaunti ndogo, Kibra na Dagoretti Kaskazini, huwasaidia wasio na simu ya intaneti. Ada zote za kaunti hulipwa kwa njia ya kielektroniki na hutoa risiti. Viwango vyenyewe hupangwa katika Mswada wa Fedha wa Kaunti, ambao kila mwaka hufikishwa kwa wakazi watoe maoni kabla Bunge la Kaunti halijaupitisha.